Uliza Fundi wa Data: Mauzo ya tarehe 14 yameenda wapi?

Barua za mwezi huu karibu zote zina ugonjwa mmoja. Mtu ana orodha ya vitu vilivyotokea, kila kimoja na tarehe na saa yake, alafu upande wa pili ana orodha ya vipindi, kutoka lini mpaka lini, na anataka kila tukio lijue liko ndani ya kipindi gani. Ya petroli nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ukiielewa hiyo zingine zinafunguka zenyewe.

Karani wa petroli steshen, Nakuru, anauliza:

Fundi habari ya kazi. Pampu zetu zinatoa ripoti ya kila mauzo, tarehe na saa na lita, na mimi naitia kwa Excel. Nina ukurasa mwingine unaitwa Bei, hapo nimeandika kila bei ya EPRA (mamlaka inayopanga bei za mafuta Kenya) imeanza lini (kolamu A), imeisha lini (kolamu B) na ni ngapi (kolamu C), mfano kutoka 15/5/2024 mpaka 14/6/2024. Kuvuta bei natumia hii:

=SUMIFS(Bei!C:C, Bei!A:A, "<="&A2, Bei!B:B, ">="&A2)

Mwezi mzima inafanya poa lakini ikifika tarehe 14 bei inakuja 0, siku nzima, na ni kila mwezi. Supavaiza akaniambia niongeze siku moja pale mwisho, niandike 15/6 badala ya 14/6. Nikafanya, tarehe 14 ikapona, lakini sasa tarehe 15 kuna mistari michache inasema lita moja ya petroli ni karibu shilingi mia nne. Bosi ameona na ameanza kuniangalia vibaya. Kwani Excel yangu imeingia virusi?

Fundi:

Hakuna virusi hapo bana, Excel imefanya kile ulichoiambia neno kwa neno, na hiyo ndo shida yake.

Anza na hii: kwa Excel tarehe ni nambari tu, inahesabu siku kuanzia 1 Januari 1900, na saa ni sehemu ya siku inayokuja baada ya nukta. Tarehe 14 Juni 2024 ni 45457. Ukiandika 14/6/2024 bila saa, Excel inaelewa 45457 kamili, yaani saa sita usiku ile tarehe 14 ndo inaanza, hata jogoo hajawika. Sasa mteja amekuja tarehe 14 saa tisa mchana, mauzo yake ni 45457.625. Fomula yako inauliza, je, mwisho wa bei ni mkubwa ama sawa na wakati wa mauzo? 45457 haiwezi kuwa kubwa kuliko 45457.625, kwa hivyo bei ya zamani inamkataa, na bei mpya nayo inaanza 45458 kwa hivyo haijazaliwa bado. Mteja ameanguka katikati. Wote wa siku hiyo wameanguka hivyo hivyo, na SUMIFS ikikosa kitu cha kujumlisha inaandika 0 na kunyamaza, haikupigii kelele yoyote. Kwa mwaka hiyo ni siku 12 za mauzo bila bei.

Supavaiza wako hakukosea kusukuma mwisho mpaka 15. Kilichobaki ni ile alama. Bei ya zamani sasa inaisha 45458, bei mpya inaanza 45458, na wewe umeacha ">=" kwa hivyo nambari 45458 kamili inakubaliwa na pande zote mbili. Ni mauzo gani yana 45458 kamili? Pampu haiwezi kutoa nyingi, mtu wa saa sita usiku juu ya alama ni mmoja kwa mwaka. Lakini angalia ile mistari yako ya shilingi mia nne uniambie kama si zile risiti za mkono, zile mnaandika stima zikipotea, mtu anaingiza tarehe peke yake bila saa. Tarehe bila saa ni saa sita usiku kamili. Bei mbili zimemdai mtu mmoja na SUMIFS, kwa vile jina lake ni kujumlisha, imejumlisha zote mbili.

Dawa ya leo ni kutoa alama moja tu:

=SUMIFS(Bei!C:C, Bei!A:A, "<="&A2, Bei!B:B, ">"&A2)

Mwanzo uko ndani, mwisho uko nje. Andika hiyo kwa ukuta. Kipindi kinaanza tarehe 15 na kinaenda mpaka kabla ya tarehe 15 ingine, na ile saa sita usiku ni mali ya kipindi kipya peke yake. Ukishika hiyo huwezi kupata shimo wala mgongano pale mpakani, na usikubali mtu akuambie uandike 14/6/2024 23:59 ndo iwe sawa, kwa sababu yule mteja wa 23:59:30 bado ataanguka, utaongeza sekunde, kesho mtaleta mashine inayohesabu nusu sekunde muanze tena.

Lakini mimi kama ningekuwa kwa hiyo ofisi ningefuta tarehe zote za kuisha zilizo kolamu B (kolamu yenyewe ibaki tupu, ndo bei zikae pale pale C). Bei za mafuta Kenya zinapokezana bila kupumzika, EPRA inatangaza tarehe 14, bei inaanza kutumika saa sita usiku ya kuamkia 15 na inaenda mpaka 14 ya mwezi unaofuata, na utaratibu huu wa bei ya juu kabisa ulianza Desemba 2010 wakati huo EPRA ikiitwa ERC. Mwisho wa bei moja ni mwanzo wa nyingine. Sasa mbona uandike kitu kimoja mara mbili, ndo siku moja ukosee moja uwache ingine? Weka mwanzo na bei tu, alafu uambie Excel itafute tarehe ya kuanza iliyo karibu zaidi na wakati wa mauzo bila kuupita:

=VLOOKUP(A2, Bei!$A$2:$C$60, 3, TRUE)

Hiyo TRUE ya mwisho ndo watu wanaogopa kwa sababu wamefundishwa FALSE tangu chuo. FALSE inataka nambari inayofanana kabisa, na mauzo ya saa tisa na dakika kumi na saba huwezi kuyapata kwa orodha ya bei hata ukeshe. TRUE inachukua ile kubwa kuliko zote kati ya zile ndogo au sawa. Sharti ni moja, orodha ya Bei ipangwe kutoka tarehe ya zamani kuja ya sasa. Ikiwa imevurugika TRUE itakupa bei ya uongo bila kukuonya, na hiyo ni mbaya kuliko 0, kwa sababu 0 bosi anaiona lakini bei ya mwezi jana ikitokea leo haimshtui mtu. Kama una Excel 2021 ama Microsoft 365, ama unatumia Google Sheets, iko XLOOKUP ambayo haijali mpangilio:

=XLOOKUP(A2, Bei!$A$2:$A$60, Bei!$C$2:$C$60, "hakuna", -1)

Hiyo -1 ndo inasema kama hupati sawasawa rudi nyuma kwa ndogo iliyo karibu.

Kabla ya yote hayo lakini, weka =ISNUMBER(A2) ushushe mpaka chini, ikijibu FALSE hiyo si tarehe ya kweli. Ripoti za pampu nyingi zinakuja zikiwa maandishi yaliyovaa nguo ya tarehe. Na kama kompyuta imewekwa tarehe za Marekani ndo balaa, ile 05/06 inasomwa Mei 6, ile 13/06 haiwezi kusomwa kwa vile hakuna mwezi wa 13 kwa hivyo inabaki maandishi, unapata nusu ya mwezi imehama na nusu imeganda. Ukiona tarehe 1 mpaka 12 ziko kwa miezi ya ajabu na kuanzia 13 ziko upande wa kushoto wa kisanduku, ushajua. Mwambie aliyewawekea sistimu atoe tarehe kwa mtindo wa 2024-06-15, mwaka mbele, hiyo haina mjadala.

Na kitu kidogo cha pembeni, bei inabadilika katikati ya shifti yenu ya usiku. Yule anayefunga hesabu asubuhi akitumia bei moja kwa shifti nzima, hata fomula nzuri namna gani haitamsaidia, lazima mita za pampu zisomwe saa sita usiku ya tarehe 15.

Mama mwenye tuktuk, Kondele, Kisumu:

Fundi hujambo. Niko na tuktuk tatu na madereva watano wanapokezana. Kila tuktuk iko na namba yake ya Lipa na M-Pesa, na madereva wanaandika kwa kitabu nani amechukua gari gani saa ngapi na amerudisha saa ngapi. Mtoto wa dada yangu anasomea kompyuta, ameingiza kila kitu kwa databesi ndo tujue kila dereva ameleta pesa ngapi. Sasa jumla ya madereva wote inatoka kubwa kuliko pesa iliyoingia kwa simu. Nilifurahi siku moja tu. Amenipa maagizo yake nikutumie:

SELECT z.dereva, SUM(m.pesa)
FROM malipo m
JOIN zamu z ON m.wakati BETWEEN z.kuchukua AND z.kurudisha
GROUP BY z.dereva;

Fundi:

Mama, huyo kijana anajua kazi, amesahau mistari miwili mitatu tu, usimfukuze.

Ya kwanza kubwa: hajataja tuktuk. Ameambia databesi, chukua malipo ya saa nne na dakika kumi, mpe kila dereva ambaye saa hiyo alikuwa barabarani. Barabarani walikuwa watatu, kila mmoja na gari lake. Mteja alilipa mara moja, pesa imehesabiwa mara tatu. Saa pekee haitoshi kuunganisha vitu, lazima kwanza gari lifanane na gari ndo uangalie saa.

Ya pili ni hiyo BETWEEN, inachukua mwanzo na mwisho zote mbili. Otieno (jina la mfano tu) amerudisha 14:00, mwenzake amechukua 14:00, malipo ya saa nane kamili ni ya wote wawili. Ni ile hadithi ya petroli hapo juu.

Ya tatu ni JOIN tupu. Inaacha kimya malipo ambayo hayana dereva, mfano gari lilikuwa limeegeshwa Kibuye na kitabu hakina mtu. Weka LEFT JOIN, hayo yatabaki na nafasi ya dereva ikiwa tupu na utaweza kuuliza. Na dereva ambaye bado hajarudisha gari, pale kwa kurudisha hakuna kitu, na hakuna kitu ukilinganisha na saa yoyote jibu halitoki, kwa hivyo pesa za leo zote zinapotea mpaka jioni. Mwambie aandike hivi:

SELECT z.dereva, SUM(m.pesa)
FROM malipo m
LEFT JOIN zamu z
  ON z.tuktuk = m.tuktuk
 AND m.wakati >= z.kuchukua
 AND m.wakati < COALESCE(z.kurudisha, '9999-12-31')
GROUP BY z.dereva;

Mwaka 9999 ni wa kujaza pengo tu, kwa databesi maana yake ni "bado iko nje".

Sasa hata hiyo haitakuokoa kama kitabu chenyewe kina uongo. Mmoja ameandika amerudisha saa nane na dakika kumi, mwingine ameandika amechukua saa nane, kwa dakika kumi gari moja lina madereva wawili na pesa inarudi kuhesabiwa mara mbili. Vipindi viwili vinagongana ikiwa cha kwanza kimeanza kabla cha pili kuisha na cha pili kimeanza kabla cha kwanza kuisha. Ni hivyo tu, watu wanaandika masharti manne matano, mawili yanatosha:

SELECT a.tuktuk, a.dereva, b.dereva, a.kurudisha, b.kuchukua
FROM zamu a JOIN zamu b
  ON a.tuktuk = b.tuktuk
 AND a.id < b.id
 AND a.kuchukua < COALESCE(b.kurudisha, '9999-12-31')
 AND b.kuchukua < COALESCE(a.kurudisha, '9999-12-31');

Hii airushe kabla ya kuhesabu pesa yoyote, ikileta mstari hata mmoja aite hao madereva wawili wakae chini wakubaliane. Kama databesi yenu ni PostgreSQL anaweza kuiambia ikatae kabisa mgongano usiingie, tangu toleo la 9.2 la mwaka 2012 ina aina ya data ya vipindi, na kwa vipindi vya wakati isipoambiwa vingine yenyewe inachukua mwanzo ndani na mwisho nje. Kama ni SQLite basi awe macho, huko tarehe ni maandishi, akiandika 15/06/2024 na 02/07/2024 databesi itasema Julai 2 imekuja kabla ya Juni 15 kwa sababu 0 iko mbele ya 1. Mwaka mbele, alafu mwezi, alafu siku, tarakimu mbili mbili.

Na njia ya kujua kama mambo yameharibika bila kusoma SQL (hiyo lugha ya databesi) yoyote wewe mwenyewe Mama: hesabu malipo ni mangapi kabla ya kuunganisha, hesabu tena baada. Kwa hii kazi nambari lazima iwe ile ile. Ikiongezeka kuna mgongano, na yale yanayobaki bila dereva ndo shimo.

Iko jambo moja sitalitatua kwa fomula. Abiria ameshuka saa nane kasoro dakika mbili, anatafuta simu, anakosea PIN, analipa saa nane na dakika tatu. Kwa data pesa ni ya dereva mpya na kwa haki ni ya yule wa kwanza. Usijaribu kuongeza dakika tano za huruma kwa mwisho wa zamu, utarudisha mgongano mlangoni. Amueni kama familia kwamba malipo yanafuata saa ya M-Pesa, mseme mapema, basi.

Karani wa ushirika wa maziwa, Molo:

Mkubwa shikamoo. Sisi tunapokea maziwa asubuhi na jioni, tunaandika kwa kitabu jina la mkulima, kilo na saa. Matangi yetu ya kupozea yana mashine inayoandika yenyewe tangi gani lilikuwa linajazwa kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Tangi la pili lilikataliwa kiwandani na meneja anataka wakulima ambao maziwa yao yaliingia humo. Nimeunganisha nikapata karibu hakuna mtu. Wachache waliotokea ni watu wa jioni ambao najua hawahusiki, tangi lilijazwa asubuhi.

Fundi:

Marahaba. Ulivyoniambia "saa" nimeshuku hapo hapo. Fungua kitabu uangalie, kama mkulima wa kwanza wa asubuhi ameandikiwa 12:40 basi kitabu kinahesabu saa kama tunavyoongea, na mashine ya tangi inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Mkulima wako wa 12:40 kwa mashine ni 06:40. Wewe umemtafuta saa sita na dakika arobaini mchana, wakati huo tangi limeshaoshwa.

Usiongeze saa sita kwa kila mstari kiholela, kuna mtego. Chukua saa, kama ni 12 ifanye 0. Alafu kama ni za mchana ongeza 6, kama ni za usiku ongeza 18, na ukifika 24 ama kupita toa 24. Saa 1:15 asubuhi inakuwa 07:15, saa 11:20 jioni inakuwa 17:20, saa 1 usiku inakuwa 19:00. Mtego uko hapa: saa 11 jioni iko upande wa mchana lakini saa 12 jioni inafungua upande wa usiku, inakuwa 0 ongeza 18, yaani 18:00. Na saa 11 alfajiri iko upande wa usiku, 11 ongeza 18 ni 29, toa 24 unapata 05:00. Kwa hivyo neno "jioni" ama "alfajiri" peke yake halitoshi kuambia kompyuta iongeze ngapi, angalia saa yenyewe pia. Maziwa yenu yanakuja kati ya alfajiri na jioni kwa hivyo haya mawili ndo yatawauma.

Bahati yako hamna mtu wa saa saba usiku. Walinzi wananiandikia sana, "usiku wa tarehe 14 saa saba", na kwa kalenda hiyo ni tarehe 15 saa 01:00. Hapo unabadilisha saa na tarehe pia.

Nikupe tahadhari moja tu kuhusu hiyo orodha utakayompelekea meneja. Saa ya kitabu inaandikwa mkulima akipimiwa kwa mizani, tangi linapokea maziwa baadaye kidogo. Wale walioko dakika chache karibu na mpaka wa tangi la kwanza na la pili waandike pembeni kama "haijulikani", usimtie mtu hatiani kwa dakika mbili. Na saa ya mashine ilinganishe na simu yako leo leo, hizo mashine nyingi hazina mtu wa kuzirekebisha tangu ziwekwe.

Mtu wa mishahara, Kakamega:

Fundi ulishawahi kusema orodha ya viwango iwe na tarehe ya kuanza pekee. Nimefanya hivyo kwa makato ya mishahara ya shule yetu. Sasa natengeneza ripoti ya miaka ya nyuma na ushuru wa nyumba unatokea hata Februari 2024 na hatukukata. Nimeweka 1.5% kuanzia 1 Julai 2023, na tena 1.5% kuanzia 19 Machi 2024.

Fundi:

Orodha ya mwanzo pekee inaamini kwamba kiwango kikianza kinaendelea mpaka kije kingine. Haijui kusimama. Huo ushuru ulisimama kweli, Mahakama Kuu ilisema 28 Novemba 2023 kwamba si halali, ukaendelea kukatwa kwa muda mahakama ikitoa nafasi ya rufaa, 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikakataa kuongeza huo muda, alafu sheria mpya ikaanza 19 Machi. Kwa hivyo orodha yako inataka mstari wa katikati, tarehe ya kusimama na kiwango 0. Pengo nalo ni kipindi, liandike. Machi yenyewe mliigawa vipi mwulize mhasibu, hiyo si kazi ya fomula.

Hiyo hiyo inakusaidia kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani): 14% kuanzia 1 Aprili 2020, 16% kuanzia 1 Januari 2021, na usisahau mstari wa 16% wa kabla ya hapo la sivyo risiti za 2019 zitakosa kitu. SHIF (makato ya bima ya afya) 2.75% kuanzia 1 Oktoba 2024, kabla ya hapo ni NHIF na mpangilio wake mwingine kabisa, hiyo weka orodha tofauti usichanganye. Na tafadhali usiandike kiwango kipya juu ya cha zamani, nimeona ofisi zinafanya hivyo kila serikali ikibadilisha kitu, alafu mkaguzi akiuliza mwaka jana hakuna mtu anayejua.

Mwanafunzi, Maseno:

Niaje fundi, mradi wangu ni wa samaki. Nina kifaa kinapima joto la maji kila dakika 15 na nina orodha ya mashua zikifika ufuo wa Dunga. Nataka kila mashua ipate joto la wakati ilifika. Natumia Python, merge ya pandas inanipa mistari sifuri.

Fundi:

Poa kijana. merge ya kawaida inataka saa zifanane mpaka sekunde, mashua haiwezi kukufanyia hiyo fadhili. Tumia merge_asof, imekuwa ndani ya pandas tangu toleo 0.19 la mwaka 2016. Panga meza zote mbili kwa wakati kwanza, isipopangwa inakataa kabisa, na afadhali inakataa. Bila kuambiwa inaangalia nyuma, inachukua kipimo cha mwisho kabla ya mashua kufika. Ukitaka kilicho karibu zaidi andika direction="nearest", kwa joto la maji hiyo ni sawa maana halibadiliki kwa kuruka, lakini kwa kitu kama bei usithubutu, utampa mteja wa saa tano usiku bei ya kesho.

Weka pia tolerance (mwisho wa umbali unaokubali kati ya saa mbili) ya dakika 30. Kifaa kikizimika betri siku mbili, bila hiyo mashua za siku mbili zote zitapata joto la Jumatatu na grafu yako itakuwa imenyooka vizuri sana, na msimamizi wako atakusifu kwa kitu ambacho hakipo.

Alafu uliza kifaa kinaandika saa ya wapi. Vingi vinaandika UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko saa tatu mbele na Kenya haibadilishi saa kulingana na msimu, kwa hivyo ni saa tatu mwaka mzima. Mashua iliyofika 06:30 asubuhi ukiiunganisha na UTC bila kurekebisha inapata joto la 09:30, jua limeshawaka. Kama mwenzako anatumia lugha ya R, kifurushi chake cha dplyr kuanzia 1.1.0 ya 2023 ina join_by ambayo inajua closest na between, mtalinganisha majibu.

Wa mwisho kwa leo, Bungoma:

Fundi faili yangu ina mistari laki tatu, ile SUMIFS ya vipindi nikiishusha kompyuta inaganda naenda kunywa chai narudi bado inazunguka.

Fundi:

SUMIFS inasoma orodha yako yote ya vipindi kwa kila mstari, na kama orodha ni ndefu nayo hiyo kazi inazidishana. VLOOKUP ya TRUE juu ya orodha iliyopangwa inakata katikati, inauliza juu ama chini, inakata tena, kwa vipindi elfu moja inamaliza kwa hatua kama kumi. Badilisha uende hiyo. Ukishapata majibu kopi hiyo kolamu uibandike kama thamani tu ili isihesabu upya kila ukigusa kitu. Na ukiona unakaribia milioni moja hamia databesi mapema, ukurasa mmoja wa Excel unaishia mstari wa 1,048,576 na faili ndefu ukiifungulia humo mistari inayozidi haitaonekana, na ukihifadhi hapo juu ya ile ya zamani imeenda.